Klivia yangu ina miaka minne, majani tu, ua hakuna

MamaVyungu (Machi 9)

Wadau wa bustani, poleni na joto. Niko Rau, Moshi. Naomba mnisaidie kabla sijaing'oa hii klivia nikapanda mchicha.

Niliinunua barabarani pale Tengeru miaka minne iliyopita, elfu kumi na tano, mche wa majani matano kwenye kiriba cheusi. Muuzaji alinionyesha picha kwenye simu: kichwa kizima cha maua ya rangi ya chungwa, kumi na kitu kwenye bua moja, yamesimama katikati ya majani marefu kama mikanda. Nikalipa bila kuomba punguzo, na mnaonifahamu mnajua hilo si jambo la kawaida.

Tangu siku hiyo nimeihudumia kama mama mwenye kichanga. Kila mwaka naihamishia chombo kikubwa zaidi. Ilitoka kwenye kiriba ikaenda kwenye ndoo ya rangi, ikatoka kwenye ndoo ikaenda kwenye beseni, sasa iko kwenye pipa la bluu lililokatwa nusu. Kila asubuhi maji. Kila mwisho wa mwezi kijiko cha mbolea ya NPK. Inakaa baraza ya nyuma, kivuli cha mwembe.

Imetoa majani ishirini na mbili, ya kijani kinachong'aa mpaka mgeni mmoja aliyashika akauliza kama ni ya plastiki. Ua sijawahi kuona, hata tumba la kudanganyia.

Picha tatu hizo hapo, msije mkasema uzi hauna picha.

Kijogoo_Pasua (Machi 9)

Nimeshavuta kiti. Wajuzi waje.

JuaLaMajengo (Machi 9)

Dada tatizo ni hicho kivuli. Ua gani linachanua gizani? Alizeti, waridi, bogenvilia, yote yanataka jua. Toa nje weka katikati ya uwanja, wiki mbili utakuja hapa kunishukuru.

MamaVyungu (Machi 9)

Asante kaka. Jumamosi vijana wapo nyumbani, watanisaidia kulisogeza pipa, ni zito hilo.

MpandaKivuli (Machi 14)

Nimechelewa kuuona huu uzi. Kama hujaitoa nje, usiitoe.

Mimi niko Ilboru, Arusha. Nina klivia zaidi ya miaka kumi, na niliua kadhaa kabla sijajua ninachofanya, kwa hiyo siongei kwa kujidai. Klivia na alizeti ni watu wa koo mbili tofauti. Kwao klivia ni Afrika Kusini na Eswatini, na huko haiishi uwandani. Inaishi sakafuni mwa msitu, chini ya miti mikubwa, juu ya majani yaliyooza, wakati mwingine kwenye nyufa za mawe. Jua inalolijua ni lile lililokwishachujwa na matawi, linaloanguka chini kwa madoa madoa. Jua la Moshi la saa saba mchana kwake ni pasi.

Baraza yako ilikuwa sahihi kabisa. Kosa liko kwingine, na nadhani nalijua, ila nijibu kwanza. Hilo pipa lina matundu chini? Ukichimba kwa kidole, udongo unanuka? Na mwezi wa saba unaimwagilia sawasawa na mwezi wa pili?

MamaVyungu (Machi 14)

Ndugu yangu, tulishaitoa. Jumamosi saa nne asubuhi. Jumatatu jioni majani ya juu yakawa na mabaka meupe, kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Leo mabaka yamegeuka kahawia, makavu, ukiyagusa yanalia kama karatasi. Imerudi barazani saa hii hii.

Majibu yako: matundu ni mawili na moja limeziba. Harufu ipo, kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Na maji namwagilia kila siku Januari mpaka Desemba, sibagui mwezi.

JuaLaMajengo, upo?

JuaLaMajengo (Machi 14)

Nipo dada. Nimekosa. Nitakuja Rau na jani la isale mkononi, lile la kuombea msamaha.

MamaVyungu (Machi 14)

Isale peke yake haitoshi, njoo na mbege.

MpandaKivuli (Machi 15)

Hahaha, poleni wote wawili. Mabaka hayaponi, ila jani lenyewe litaendelea kufanya kazi, usilikate. Yatakuja mengine.

Sasa tuje kwenye pipa. Klivia haina mizizi myembamba kama ya mchicha. Mizizi yake ni minene kama vidole, myeupe, yenye nyama, na inatunza maji ndani yake. Msituni imebanwa kati ya mawe na mizizi ya miti, mvua ikinyesha maji yanapita na kwenda zake. Wewe umeiweka kwenye bwawa. Isitoshe, huu mmea unapenda kubanwa. Ukishajaza mizizi kwenye chungu mpaka inachungulia juu ya udongo, hapo ndipo unafikiria kuchanua. Kila mwaka ulipoihamishia chombo kikubwa uliipa kazi ya kujaza nafasi, ikaacha kila kitu ikaanza kujenga. Na ile NPK ya kila mwezi inaiambia toa majani, nayo inakutii.

Itoe yote, ioshe mizizi, utuambie umeona nini. Usiogope, ni ngumu kuliko inavyoonekana.

MamaVyungu (Machi 17)

Nimefanya. Ningepiga picha zaidi lakini mikono ilikuwa matope mpaka kwenye viwiko.

Tulililaza pipa upande, mwanangu akavuta, mimi nikasukuma kwa chini. Ilitoka na bonge la udongo, na nilichokiona kimenifedhehesha: mizizi imejaa katikati tu, nusu ya nje ya pipa ni udongo mtupu, mweusi, unateleza, unanuka. Nikauosha kwa bomba. Mizizi mizuri kweli ni kama ulivyosema, minene, inafanana na minyoo mikubwa ya rangi ya maziwa. Lakini chini kabisa kulikuwa na kama kumi ya kahawia. Nikiishika inakuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ganda linachomoka, ndani inabaki kamba tu. Hiyo nimekata yote kwa kisu nilichopitisha motoni.

Niweke kwenye udongo gani sasa? Mjomba ameniambia nikachote udongo wa msituni, Rau si mbali.

Bwana_Samadi (Machi 17)

Msitu wa Rau ni hifadhi dada, usije ukakamatwa na ndoo ya udongo ukaanza kueleza habari za maua. Tengeneza mwenyewe.

MpandaKivuli (Machi 17)

Kabisa. Nyie watu wa Moshi mna kitu ambacho sisi tunakitafuta kwa tochi: makapi ya kahawa. Tafuta yaliyokaa nje muda mrefu, yamekuwa meusi na yamepoa, si yale mabichi yanayochemka yenyewe yakirundikwa. Changanya makapi mafungu mawili, changarawe nyeusi za volkano fungu moja, mboji au samadi ya zamani iliyokwisha kuwa udongo fungu moja, na mkaa uliovunjwa vipande vya ukubwa wa harage. Ukimwaga maji juu, uyaone yanatokea chini kabla hujahesabu kumi. Yakisimama, ongeza changarawe.

Chungu kiwe kidogo. Mizizi iingie kwa kubanana, ibaki nafasi ya vidole viwili pembeni, basi. Ukiipanda usiizamishe shingo, pale majani yanapoanza pakae juu ya udongo, na usimwage maji katikati ya majani. Maji yakituama pale kwenye kitovu panaoza, na uozo wa klivia unanuka kuliko panya aliyekufa darini. Paka unga wa mkaa ulipokata, iache kivulini siku tatu bila maji, ndipo uipande.

Meku_wa_Uru (Machi 19)

Wanangu, mimi sijui haya mambo ya maua ya kununua lakini nasoma na nacheka. Mnachokieleza ni kihamba, shamba letu la nyumbani. Juu mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi na vitu vya kivulini. Kila mmea una ghorofa lake. Marehemu mke wangu alikuwa nalo hilo ua, alilitoa kwa masista alipokuwa akifanya kazi jikoni kwao, akalipanda chini ya mringaringa. Hakulimwagilia hata siku moja, na lilikuwa linachanua.

Lile lingine alilipanda karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji, ili lipate maji. Lilioza.

Kijogoo_Pasua (Machi 19)

Meku amemaliza kwa mistari minne kile tulichokiandika wiki nzima.

Tengeru_Kitalu (Machi 20)

Nauza miche, kwa hiyo nina maslahi, nasema mapema. Muuzaji aliyekuuzia alipaswa kukwambia kwamba mche wa majani matano bado ni mtoto. Kutoka mbegu mpaka ua ni miaka mitatu hadi mitano, ukiihudumia vizuri, na kwa kawaida haichanui kabla ya kufikisha majani kama kumi na mawili. Ukiona muuzaji anakwambia mwezi ujao itachanua, mwulize mwezi ujao wa mwaka gani.

Halafu tafadhali watu waache kuja kuuliza "klivia" nikidhani wanasema "oliva". Tamkeni vizuri.

SomaKwanza (Machi 20)

Kutamka ndiyo kesi nyingine. Jina limetokana na Charlotte Clive, Duchess wa Northumberland, Uingereza. Mtaalamu wa mimea John Lindley ndiye aliyelitoa mwaka 1828, kwa ile aina ya kwanza yenye maua yanayoinamisha shingo. Hii ya rangi ya chungwa inayotazama juu ilipata sifa baadaye. Kwa hiyo ukifuata jina la huyo mama ni "klaivia". Wazulu wao wanaita umayime, hawana shida na sisi.

Na msidharau, huko Changchun, China, hili ndilo ua la jiji, na miaka ya 1980 watu waliuziana mche mmoja kwa pesa ya kutisha mpaka bei ikaporomoka. Mama Vyungu usiing'oe kwanza.

MamaVyungu (Machi 20)

Kumbe nilikuwa na utajiri barazani. Nimeipanda jana, kwenye chungu cha udongo cha lita kumi. Imebanana kama abiria wa Hiace ya jioni.

MamaWaMbwaWatatu (Machi 22)

Angalizo la haraka, hasa wenye watoto na mifugo: huu mmea una sumu, mizizi ndiyo mbaya zaidi, lakini majani na matunda pia. Mimi kijibwa changu kilitafuna kipande cha mzizi nilipokuwa nagawanya miche, kikatapika usiku kucha, kikalala siku mbili bila kula. Kilipona. Ile mizizi uliyokata MamaVyungu natumaini hukuitupa mbuzi wanapopita. Na matunda yake yakiiva ni mekundu, yanamvutia mtoto kuliko peremende.

MamaVyungu (Machi 22)

Uwii. Niliitupa kwenye jalala la nyuma. Nakwenda kuzika sasa hivi.

Mjukuu_wa_Marangu (Aprili 3)

Samahani niwatoe kidogo nje ya mada. Hivi kwa nini tunahangaika na ua la Afrika Kusini wakati mlima wetu una la kwake? Waliopanda njia ya Machame wanalijua, lile dogo la msituni, jekundu na njano, lenye mkia uliojikunja kama mkonga wa tembo. Wataalamu wameliita kwa jina la mlima wenyewe, Impatiens kilimanjari. Kwa asili halipo kwingine duniani. Kwa nini vitalu vyetu havina?

Tengeru_Kitalu (Aprili 3)

Swali zuri na huwa linaniuma. Lakini msitu ule wote uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukilichomoa kule, wewe si mtunza bustani tena, ni mtuhumiwa. La pili, mashina yake ni maji matupu, limezoea ukungu na baridi ya juu. Ulishushe Moshi mjini mwezi wa pili, saa nane mchana litakuwa kama mlenda.

Ukitaka la ukoo huo huo, lipo lile la kawaida la pinki na jekundu linalojipanda lenyewe kwenye mitaro yenye kivuli, lile ambalo ukigusa kifuko cha mbegu kinapasuka na kukurukia. Lina asili ya hapa hapa Afrika Mashariki. Kata kipande cha shina, weka kwenye glasi ya maji, wiki mbili lina mizizi. Wazungu wanalinunua kwa vikasha, sisi tunalifyeka.

Mjukuu_wa_Marangu (Aprili 3)

Kweli tupu. Nimeishafyeka mimi mwenyewe. Aika.

NdaniYaUsaRiver (Aprili 18)

Mimi klivia yangu inachanua, shida ni ncha za majani kukauka, kahawia, kama zimeunguzwa na kiberiti. Maji yangu ni ya kisima. Inawezekana ni floridi, ile ya majini inayotia meno rangi ya kahawia? Huku meno yetu wenyewe mashahidi.

MpandaKivuli (Aprili 18)

Inawezekana, ila usihukumu haraka. Mimea inayojulikana wazi kwa kuunguzwa ncha na floridi ni ile ya ukoo wa isale na yale majani ya kuning'inia yenye mistari myeupe. Klivia ncha zikikauka mara nyingi ni mbolea iliyozidi au mizizi iliyoumia. Fanya jaribio rahisi: kinga maji ya mvua, ndiyo hii masika imeshuka, mwagilia hayo tu miezi mitatu. Jani jipya likitoka na ncha safi, umepata jibu.

MamaVyungu (Mei 25)

Nimerudi. Hali: majani mapya mawili, yametoka safi. Maji sasa ni mara moja kwa wiki, na NPK nimeifungia stoo. Kuna siku niliwakuta viwavi weusi wenye madoa ya njano wamejipanga chini ya jani, wanakula kuanzia ndani na kuacha ngozi tu, nikawaokota kwa mkono mmoja mmoja. Ila bado ua hakuna. Nini kinafuata?

MpandaKivuli (Mei 26)

Kinafuata kile nilichokuuliza siku ya kwanza, mwezi wa saba.

Klivia inahitaji kupigwa baridi. Inataka wiki sita hadi nane za usiku wa nyuzi 10 mpaka 13 hivi, na katika kipindi hicho iwe karibu kavu. Hiyo ndiyo ishara yake. Kule kwao ndiyo kipupwe kinavyokuwa, na kikiisha inasukuma bua. Isipopata ishara, ama haichanui, ama bua linatoka fupi na maua yanapasukia humo humo kati ya majani.

Sisi Arusha tuko mita 1,400, mwezi wa sita na wa saba tunatembea na makoti, kwa hiyo naacha tu kumwagilia na kazi inafanyika yenyewe. Wewe Rau uko chini, mita mia nane na ushee. Mwezi wa saba wenu mnaita baridi lakini klivia inaona ni kiyoyozi. Wengine huko chini inawachanulia hivyo hivyo, ya kwako kwa miaka minne imekataa. Una ndugu huko juu?

MamaVyungu (Mei 26)

Mama mkwe yuko Kibosho. Simu yangu tukiwa kule inasoma mita 1,500 na kitu.

MpandaKivuli (Mei 26)

Basi ipeleke kwa mama mkwe.

Kijogoo_Pasua (Mei 26)

Wachaga tunapanda nyumbani Desemba, ua linapanda Juni. Lisisahau kubeba sukari.

MamaVyungu (Juni 8)

Limefika. Konda alitaka nauli ya watu wawili kwa sababu majani yalikuwa yanampiga abiria wa pembeni usoni, tukakubaliana nauli moja na nusu. Nimeliweka uani kwa mama, ukuta wa kusini, chini ya upenu, halipati mvua wala jua la mchana. Usiku wa kwanza nililala huko na blanketi mbili.

MamaVyungu (Julai 6)

Wadau, tatizo. Nimepanda leo kusalimia. Mama mkwe amekuwa akilimwagilia KILA JIONI. Anasema, "Mwanangu, uliniletea mgeni, ningemwacha vipi na kiu?" Udongo umelowa tepetepe. Sasa mama mkwe unamwambiaje aache? Baba watoto amesema yeye hahusiki, kila mtu apambane na ua lake.

JuaLaMajengo (Julai 6)

Mimi ushauri wangu mnaujua thamani yake, nakaa kimya.

MamaWaMbwaWatatu (Julai 6)

Mwambie limefunga. Kibosho ni Wakatoliki wazuri, mfungo wanauelewa.

Meku_wa_Uru (Julai 6)

Usimwambie aache. Mwombe akutunzie kitu kingine kinachotaka maji, mikono yake ipate kazi. Mpelekee miche ya sukuma. Na hilo ua mwambie ni la kukaguliwa tu, akuambie likibadilika. Mtu mzima ukimpa ulinzi anafurahi kuliko ukimpa katazo.

MamaVyungu (Julai 7)

Meku, shikamoo mara mbili. Nimepeleka miche thelathini ya sukuma. Na lile la mfungo pia nimelisema, amecheka mpaka akakaa chini, akauliza, "Linafuturu lini?" Chungu nimekipandisha juu ya matofali mawili kikauke haraka.

MpandaKivuli (Julai 7)

Safi. Kikombe kimoja cha maji kila baada ya wiki tatu, majani yasije yakalegea sana. Na likitoa tumba usilishushe mjini haraka! Subiri bua lifike urefu wa kalamu ndipo uanze kumwagilia kawaida, na likae huko huko kwenye ubaridi mpaka bua lipite majani.

MamaVyungu (Agosti 24)

Mama mkwe amepiga simu saa kumi na mbili asubuhi. Nilidhani kuna msiba. Anasema, "Njoo, mgeni wako ana mimba."

Nimepanda na Hiace ya kwanza. Kati ya jani la nane na la tisa, upande mmoja si katikati, pametokea kitu bapa kama ulimi, kijani iliyofifia, na juu yake vichwa vidogo vidogo vimebanana, nimehesabu kumi na tatu, vya mbele vimeanza kuingia rangi ya parachichi bichi inayoelekea chungwa. Ukipanua majani kidogo unaviona vizuri. Nilipanua mara nne.

Kijogoo_Pasua (Agosti 24)

PICHA.

Tengeru_Kitalu (Agosti 24)

Acha kupanua majani, utalivunja.

MamaVyungu (Septemba 5)

Nakiri. Jumapili niliona bua limefika kama kiganja, nikashindwa kuvumilia, nikalishusha Rau ili majirani walione likipasuka. Siku nne sasa halijapanda hata kidogo na joto huku limeanza. Maua mawili yamefunguka humo humo ndani ya majani. Ukitazama kwa mbali ni kama kuku anayeatamia.

MpandaKivuli (Septemba 5)

Nilisema!

Haya, mwagilia sasa vizuri, maji ya baridi, kila udongo wa juu unapokauka, uliweke pale penye ubaridi kuliko pote nyumbani kwako. Linaweza kujisukuma kidogo bado. Yakiisha kufunguka yote, yatakaa wiki mbili tatu. Ukitaka mbegu acha matunda, ila ujue yanachukua miezi tisa au zaidi kuiva na yanakula nguvu ya mmea. Kwa mwaka wa kwanza mimi ningeyakata.

MamaVyungu (Septemba 9)

Limejisukuma vidole vitatu hivi. Maua yote kumi na matatu yako wazi. Koo lake kwa ndani ni njano kama ya ndizi mbivu, kwa nje ni chungwa la jua la jioni, na asubuhi lina harufu ndogo sana, inabidi uingize pua. Ni fupi, limejificha nusu, na majirani wamekuja wote. JuaLaMajengo amekuja kweli, na mbege kweli, jani la isale amelisahau.

Kuna chipukizi limetokea pembeni ya chungu, lina majani matatu. Mama mkwe ameshuka kuliona ua, akaliona na hilo, akasema hilo ni lake, kodi ya miezi mitatu. Nalikata lini?

MpandaKivuli (Septemba 9)

Maua yakishanyauka, na liwe na majani manne au matano na mizizi yake lenyewe. Chimbua pembeni uangalie kwanza. Likiwa bado linanyonya kwa mama, liache mpaka mwakani. Kisu safi, unga wa mkaa, siku tatu kavu, kama mara ile.

MamaVyungu (Septemba 10)

Nimechimbua, lina mzizi mmoja tu wa urefu wa njiti ya kiberiti. Nimemwambia mama mpaka mwakani. Amesema hana haraka, atasubiri, ila chungu chote kirudi Kibosho kikasubirie huko. Leo asubuhi nimemkuta stendi amekikalisha kiti cha dirishani.